Acha Kitu Sakafuni

Mwaitu,

Mama yako ameshakuambia yote ya kuambiwa. Namsikia tangu Jumatatu: baridi ya Eldoret si baridi ya Nairobi, beseni lako usimpe mtu, maji uchemshe hata kama wenzako wanakunywa ya mfereji, Jumapili ni kanisa. Akimaliza mama yako kuongea hakuna kitu kinabaki cha baba kusema, kwa hivyo hayo nayaruka yote. Mimi nina jambo moja tu, na linahusu hiki chumba.

Sasa ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Wewe na mama yako na Ndanu mmeenda Gikomba kutafuta sweta nzito, mimi nimebaki na nyumba. Nimekaa kitandani mwako na barua hii naiandika juu ya kibao cha chapati, maana meza naona siku hizi ni ya mdogo wako. Niliingia humu kukagua, nakiri. Miaka kumi na mitatu ya kuingia humu kila Jumamosi haiwezi kuniisha kwa siku moja. Nikapitisha kidole juu ya kabati. Hakuna vumbi. Nikainama nikaangalia chini ya kitanda. Hakuna kitu. Nikavuta droo yako, tupu, umeipangusa hata kwa pembe. Ile misumari miwili ya ukutani umeing'oa na matundu umeyaziba na sabuni ya kipande, wewe mtoto! Na asubuhi Ndanu ameniambia umemwachia upande wako wote, na kitanda pia akikitaka.

Chumba hiki hakijawahi kuwa safi namna hii, na nimeogopa. Ndiyo, mimi, huyo huyo unayemjua. Mtu anayeenda chuo anaacha kitu nyumbani. Anayefagia hivi anahama. Barua hii nitakupa leo jioni, na naomba uisome kabla hujafunga sanduku, kwa sababu nikianza kuongea utaniambia "Sawa, Baba" halafu utatoka, na hiyo sawa yako naijua.

Nikikuita Mwaitu unajua ni kwa nini, lakini acha niiandike, iwe kwa karatasi. Ulipozaliwa tulikupa jina la mama yangu, ndiyo desturi yetu Wakamba, binti wa kwanza ni wa mama ya baba. Kwa hivyo wewe ni mama yangu, na mama haitwi jina lake, anaitwa Mwaitu. Mumbua nimekuita nikiwa na hasira tu. Sasa nikihesabu naona nimekuita Mumbua mara nyingi sana, na karibu zote nilikuwa nimesimama kwa mlango huu.

Tucheke kwanza. Unakumbuka zile karatasi nilizobandika kwa kabati? SOKSI. VITABU. NGUO ZA KANISA. Mimi ni karani wa stoo, na stoo yangu pale kiwandani ni stoo. Ukiniamsha usingizini ukaniuliza parafujo za nusu inchi ziko wapi, nitakwambia rafu ya nne, upande wa dirisha. Nikaileta kazi nyumbani. Ndanu alikuwa na miaka minne, hajui hata a ni nini, na nikambandikia yake: MWANASESERE. Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kabla mama yako hajatoka kwenda kufungua kibanda chake cha vyondo, vile vikapu vya mkonge, sokoni Kariokor, mimi nilikuwa mlangoni, mikono nyuma. Nilikuwa nawasikia mkinong'onezana, "Buda amekam, panga vitu haraka!" Mlidhani sisikii Sheng. Mimi nimezaliwa Mathare, mama. Sheng niliiongea kabla yenu, tena ile yenye akili.

Na sikuwa nawasingizia. Chumba kilikuwa kichafu, tusidanganyane. Kulikuwa na taulo mbichi juu ya godoro, kulikuwa na vikombe vyenye ukungu, na ile wiki panya alipatikana ndani ya mkoba wako wa shule akila chapati ya tangu Jumanne, watu wa ghorofa yetu yote walisikia nduru. Usije ukafikiri naomba msamaha kwa sababu ya ile chapati. Hiyo ningeirudia leo.

Lakini nilikuwa na kitu cha kuwapigia, na nilikitumia vibaya. Tulipohamia hapa Pipeline, nyumba ya vyumba viwili, wewe ulikuwa na miaka saba, Ndanu bado ananyonya. Kila mtu kwenye hili jengo mwenye nyumba kama yetu, wazazi wanalala chumbani na watoto wanatandikiwa sebuleni. Mimi nikakataa. Nikasema watoto wangu watalala ndani ya chumba chenye mlango, na mimi na mama yao tutalala sebuleni, nyuma ya pazia. Majirani walicheka. Yule wa mlango wa pili aliniuliza kama nyumba nimeandikishiwa au ni ya watoto, mimi ni mpangaji wao. Nilijivuna sana. Halafu kila nikikuta soksi sakafuni nilikuwa nasema nini? Malizia, unaijua: "Mimi nalala kwa sofa ili nyinyi mlale hapa, na hivi ndivyo mnanirudishia?" Yaani niliwapa chumba kwa mkono huu, na kwa huu mwingine nikawa nakichukua kila Jumamosi.

Sasa nikuambie hiyo tabia ilitoka wapi. Sikupi kisingizio, ni vile ni haki yako kujua.

Pale Mathare tulikuwa watoto watano na Susu yako, mama yangu, kwa chumba kimoja. Susu alikuwa anapika uji na githeri, na watu wa mjengo, vibarua wa kujenga, walikuwa wanaanza kuingia saa kumi na moja alfajiri kunywa uji kabla ya kwenda kutafuta kazi. Walikuwa wanakunywa ndani ya chumba, pale pale tulipokuwa tumelala. Kwa hivyo saa kumi Susu anatuamsha, godoro linakunjwa na kufungwa kwa kamba, blanketi ndani ya gunia, nguo zako ndani ya karatasi ya nailoni kwenye msumari wako, na sakafu inapigwa maji. Mteja wa kwanza akiingia anakuta benchi na sufuria. Watoto hakuna. Siku moja mama mmoja wa kanisa alitutembelea mchana, akaangalia huku na huku akasema, "Mama, huwezi ukajua hapa kuna watoto!" Susu alifurahi siku hiyo mpaka akatuongezea githeri. Mimi nilikuwa na miaka minane. Nilichukua hayo maneno nikayaweka rohoni kuwa ndiyo sifa kubwa kupita zote ambayo nyumba inaweza kupewa.

Kumbe kwa Susu ilikuwa shida ya nafasi tu. Angekuwa na chumba cha pili asingetukunja alfajiri. Mimi nikapata hicho chumba cha pili, nikaweka mlango, nikawaweka ndani, halafu nikaendelea kuwakunja vile vile. Nilidhani nawafundisha usafi, na kumbe nilikuwa nawafundisha kufuta kwamba mnakaa hapa.

Sasa tufike pale. Najua unajua ninaenda wapi.

Ulikuwa kidato cha pili. Susu alikuwa amekaa na sisi miezi mitatu akienda kliniki, analala kitanda hiki nilichokikalia, na wewe na Ndanu mmebanana kile cha juu. Miguu yake ilikuwa imevimba na hakuna kiatu kilichoingia. Nilimkatia slipa zangu mbele kwa kisu, nikaona nimefanya jambo kubwa. Kuna jioni nilisikia Susu akicheka humu ndani, kicheko cha msichana, na wewe unamwambia asimame imara asitingishike. Mimi niko sebuleni nasikiliza habari kwa redio. Nikapaza sauti: "Punguzeni kelele huko!" Mkapunguza. Susu akarudi nyumbani Kangundo, na kabla ya mwezi kuisha tukamzika.

Miezi miwili baadaye ikafika zamu yetu ya kupokea kikundi cha maombi. Jumamosi, saa nane mchana, watu kumi na watano na mchungaji. Wewe na mama yako mko Kariokor, Ndanu anacheza kwa ngazi, mimi niko peke yangu na ufagio. Nikafungua chumba. Chini ya kitanda nikakuta mifuko miwili ya vipande vya ngozi, kopo la gundi halina kifuniko, na katoni, katoni, katoni, zimekatwa kwa umbo la nyayo, zimeandikwa namba na biro. Nilikuwa nimekuambia uondoe hiyo takataka zaidi ya mara kumi. Wageni wangeweka makoti yao humu. Nikachukua gunia. Nikajaza yote. Katoni moja ilikuwa pana haiingii, nikaikunja mara mbili. Watu wa takataka walikuwa chini na mkokoteni wao, nikashuka nikawakabidhi mwenyewe, na nikarudi juu nikijipongeza.

Ulipokuja jioni ulikwenda chumbani, ukakaa kidogo, ukatoka. Wageni walikuwa bado wanakunywa chai.

"Baba, katoni zangu ziko wapi?"

"Nimesafisha," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika na mchungaji.

Uliniangalia. Mimi nikangoja kelele, nilikuwa nimejitayarisha na majibu yote, la sofa likiwa la kwanza. Wewe ukasema, "Sawa, Baba," ukaenda kuosha vikombe.

Na kuanzia Jumamosi iliyofuata chumba kikawa safi. Upande wako, yaani. Kitanda kimetandikwa hadi unaweza kukidhania cha hospitali, vitabu vimesimama, chini ya kitanda unaweza kulia chakula. Sikurudia kukuambia kitu tena. Miaka minne! Nilitamba, Mwaitu. Kazini wazazi wenzangu walikuwa wanalia kuhusu watoto wao na mimi nawaambia, "Siri ni msimamo. Tupa mara moja tu, hawatarudia." Kuna jamaa wa mapokezi alinisikiliza akaenda kutupa vitu vya kijana wake. Hata huyo nitamtafuta nimwombe radhi.

Wiki sita zilizopita mama yako alishikwa na homa, akanituma Kariokor nikamchukulie mteja vyondo vyake. Unajua mimi huko huenda mara moja kwa mwaka, na nikienda naishia kwenye kibanda cha mama yako. Nilikuwa nauliza mlango wa nyuma uko wapi, na mzee mmoja mtengenezaji wa viatu akanikazia macho, akaweka nyundo chini.

"Wewe si ndiye baba ya Mumbua? Huo uso mnafanana!" Huyo ni Mzee Barasa wako. "Karibu, karibu sana mzee! Umekuja kuona ofisi ya binti yako?"

Ofisi. Nikadhani ananitania. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya kibanda, akainua gunia lililotundikwa pale kama pazia, na nikaona chumba chako.

Stuli. Meza ya mbao za kreti. Ukuta mzima michoro ya viatu, mingine imepigwa misumari juu ya mingine. Nyayo za katoni zimening'inia kwa waya, na soli za tairi sakafuni hakuna pa kukanyaga. Sweta lako la kijani, lile uliloniambia limeibwa shuleni nikakusomea saa nzima, limetupwa juu ya mfuko. Picha ya Susu, ile ndogo ya kitambulisho. Kikombe ambacho hakijaoshwa. Andazi lililoumwa nusu juu ya gazeti! Na sikukasirika, hebu fikiria. Nilinyoosha mkono niguse mchoro mmoja, na Mzee Barasa akaniambia, "Wacha, mzee. Usiguse kitu hapo. Anajua kila kipande kiko wapi. Hata mimi hunifukuza."

Nikamuuliza ulianza kuja lini.

"Ni miaka minne sasa. Alikuja hapa amelia mpaka macho yamefura. Alikuwa anamshonea nyanya yake viatu vya kumtosha, nyanya akafa, akabaki na mguu wake umechorwa kwa katoni. Ukaenda na takataka." Halafu akaniangalia vizuri. "Nilidhani unajua."

Nilikaa kwa stuli yako. Yule mzee alinipa maji, akarudi kwa kazi yake, na kwa hilo namshukuru.

Mguu wa mama yangu, Mwaitu. Nilikuwa nimeushika kwa mkono huu. Ile katoni pana iliyokataa kuingia ndani ya gunia, nikaikunja mara mbili ili iingie. Kicheko kile nilichokizima kutoka sebuleni kilikuwa cha mama yangu akitekenywa na biro. Hatuna hata slipa yake moja, zote tuliwagawia watu baada ya mazishi. Kitu pekee duniani kilichokuwa na kipimo cha mwili wake, nilikipeleka chini mwenyewe na nikasema asante kwa watu wa mkokoteni.

Nilifika nyumbani nikamkuta mama yako amejifunika kwa sofa. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua tangu siku ya kwanza.

"Na hukuniambia?"

"Ungeuliza ningekuambia," akasema. "Hukuwa unauliza, Baba Mumbua. Ulikuwa unakagua."

Tangu siku hiyo nimekuja mara tatu mpaka kwa huu mlango nikuambie, na mara tatu nimekuuliza kama umeona chaja yangu. Mimi nasimama mbele ya kanisa zima naomba dakika kumi bila karatasi, na kwako ulimi unakufa. Kwa hivyo nakuandikia. Nisamehe. Si kwa taulo mbichi, wala si kwa vikombe. Nisamehe kwa kutupa kitu chako bila kukuuliza ni nini. Nisamehe kwa miaka minne ya kusifu chumba ambacho ulikuwa umeshakitoka. Ulikuwa unakuja hapa kulala tu, na mimi nikawa namwambia kila mtu njooni muone. Naumia nikikumbuka, na sitaki maumivu hayo yaishe haraka.

Sasa basi, baba lazima ashauri kidogo, nitakufa nisiposhauri.

Huko hosteli mtakaa wanne. Mmoja atakuwa mchafu, hakuna chumba kinachokosa huyo. Usimkague. Chakula kinachooza, maji yaliyomwagika, nguo iliyolowa, hivyo toa bila kuuliza mtu, na akinuna mwambie umetumwa na babako. Kitu kingine chochote, hata kama ni gunia la mawe chini ya kitanda, uliza kwanza: hii ni nini? Swali hilo halijawahi kunichukua hata nusu dakika tangu nilipolijua, na nimelijua nikiwa na mvi. Na wewe usijikunje. Siku ya kwanza ukifika, kabla hata hujatandika, piga msumari uweke kitu chako ukutani. Kama hosteli yao imekataza misumari, tafuta gundi, wewe na gundi ni marafiki. Akiingia mtu ajue hapo kuna mtu. Ukija kupata watoto nao, na chumba chao kikakutoa jasho, uje kwangu. Mimi sasa ni mtaalamu, sitanii.

Usicheke. Nimeshafanya majaribio na Ndanu. Wiki mbili baada ya Kariokor nilikuja Jumamosi saa moja nikabisha hodi. Nikasimama nje. Kimya. Nikabisha tena. Mdogo wako akafungua mlango, macho yamemtoka, akaniuliza, "Baba, ni nani amekufa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa, naomba kuingia. Wewe ulikuwa umeshatoka na mama yako, hukuona hii sinema. Nikaingia, nikaona ile fujo yake, mikono ikaanza kuwasha. Nikaiweka mfukoni. Nikanyoosha kidole: hii ni nini? Akaniambia ni rangi ya kucha. Na hii? Rangi ya kucha. Na hizi zote? Kumbe binti huyu anawapaka wasichana wa ghorofa ya tatu na ya tano, ana daftari la mitindo, amechora vidole kumi kwa kila ukurasa. Nilikaa humo karibu saa moja. Nilitoka na ukucha mmoja umepakwa buluu, ulinicheka kanisani ukidhani ni wino.

Tulikubaliana naye mambo machache. Sahani hazilali humu. Sakafu anafagia mwenyewe Jumamosi, saa anayotaka, bora tu jua lisiwe limetua. Meza ni yake na siigusi. Na anafagia, haki ya Mungu! Jumamosi nne amefagia tatu bila kuitwa, na ile ya nne alikuwa na mtihani. Kwa miaka yote ya kupitisha kidole juu ya kabati sikuwahi kupata hiyo. Ningeanza kubisha hodi ukiwa na miaka saba, leo ningekuwa naitwa kwenye mikutano ya wazazi kufundisha. Hiyo ndiyo sababu nimeziondoa zile karatasi za kabati pia. Ya MWANASESERE nimeiacha, Ndanu amekataa itolewe.

Kwa hivyo mimi najua kazi hii naweza kuifanya vizuri, nimechelewa tu kwako. Na ndiyo maana droo yako tupu imenitisha. Kwa Ndanu nina miaka mbele. Kwako nina jioni moja na hii barua.

Kuna katoni hapa katikati ya kitanda chako. Utaikuta bado iko, siipangi popote. Nimeitoa stoo, ni ile ngumu ya kufungia mabeseni. Juu yake nimechora mguu wangu wa kulia na biro. Nimechora mwenyewe, na mwenye tumbo kama langu kuinama hivyo si mchezo, kwa hivyo mstari umerukaruka pale kwa kidole kidogo. Lakini upana ni sahihi, nimepima na rula. Siku ile tunamwosha Susu, mama yako aliniambia kwamba miguu yake na yangu ni mguu mmoja: upana ule ule, na kidole cha pili kimepita kidole gumba. Nenda kamuulize. Siwezi kukurudishia ulichochora wewe, na sijaribu. Hiki ndicho kilichobaki kwangu kutoka kwake, nimekuletea. Nitengenezee viatu, au usitengeneze, ni katoni yako. Uende nayo Eldoret au uitupe. Ukiitupa mimi sitauliza, na ukiiacha hapa hakuna mtu atakayeigusa.

Lakini jambo moja naomba, nalo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Usiniachie chumba hivi.

Zile ndara zako za kwanza, za tairi, zilizopasuka kisigino, ambazo najua ziko chini kabisa ya sanduku maana nimekuona ukizificha. Zitoe. Kesho asubuhi, ukishavaa na mama yako akishaanza kulia, ziache hapa sakafuni, katikati, si chini ya kitanda, si pembeni, na usiziweke sambamba. Nimeshamwambia Ndanu kitanda chako si chake. Jumamosi ijayo saa moja nitabisha hodi, nitaingia, nitajikwaa juu yake kama mtu asiye na macho, na nitapiga kelele hadi ghorofa ya tano wasikie: "Mumbua! Viatu!" Mama yako atacheka kule sebuleni. Ndanu ataniambia, "Baba, Mumbua yuko Eldoret." Nami nitamwambia najua, nitaviruka, na nitaviacha hapo hapo mpaka mwenyewe aje aviondoe.

Mimi baba yako, ambaye leo amekaa kitandani mwako bila kukitandika upya.